Kabla Hujaliita Gofu: Ushauri kwa Mpiga Picha Anayeelekea Turkana

Mpiga picha akifika Kalokol kwa mara ya kwanza, kitu cha kwanza kuulizia ni kiwanda cha samaki. Samaki wenyewe hana haja nao; anachokitafuta ni kutu. Kiwanda kilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa fedha za Norway, kikakusudiwa kugandisha samaki wa Ziwa Turkana ili wauzwe mbali, kikafanya kazi kwa muda mfupi mno, kisha kikanyamaza. Mahali ambapo joto la mchana hufika nyuzi 35 na kupita, kutengeneza barafu kuligharimu umeme na maji safi kupita thamani ya samaki. Ziwa nalo likapungua katika muongo huohuo, na Ghuba ya Ferguson, iliyotegemewa kwa uvuvi, ikakauka. Mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano wa kibalozi na Norway, na wafadhili wakafungasha virago. Kisa hiki kinatajwa kila panapozungumzwa misaada iliyokwenda mrama, na picha inayokisindikiza unaweza kuikisia hata kabla hujaiona: ukumbi mtupu, mwali wa jua kutoka dirishani, hakuna mtu.

Lakini jengo hilo halikukaa tupu. Wafanyabiashara waliligeuza ghala, na marobota ya samaki wakavu yakapangwa palepale wahandisi walipotaka kupanga barafu. Biashara ya zamani imedumu kuliko mradi: ngege hupasuliwa, huanikwa juani, hufungwa kwa kamba na kupakiwa kwenye malori kuelekea Kitale na Busia, wengine wakavuka mpaka kufika masoko ya Kongo. Picha ya kiwanda isiyokuwa na mama anayegeuza samaki mchangani ni nusu ya habari, tena ile nusu rahisi, ambayo wageni walishaipiga zamani.

Kwa hiyo, kabla hujainua kamera mbele ya jengo lolote kandokando ya mto Turkwel au kwenye laga zake, ile mito mikavu ya mchanga, tafuta kwanza nani analitumia leo. Ukiuliza, "Hapa pana mwenyewe?" utajibiwa hakuna, maana mgeni mwenye begi kubwa anaweza kuwa mtu wa kaunti, wa ardhi au wa benki, na hakuna anayetaka kujiingiza matatani. Uliza kwa njia nyingine. Ufunguo anao nani? Mbuzi wanaolala humu ni wa boma lipi? Mvua ikinyesha, nani hukimbilia hapa? Hapo ndipo huenda ukaambiwa kwamba ile nyumba ya pampu iliyong'olewa mashine ndimo mama fulani anamoweka mahindi yake, na kwamba mabati yaliyopungua paani yako kanisani. Sasa una picha tatu badala ya moja: nyumba ya pampu, mama na mahindi yake, na paa la kanisa.

Maeneo ya umwagiliaji ya juu kidogo ya mto, kama Katilu, ni mazuri kwa kazi ya namna hii. Miradi ilianzishwa huko miaka ya 1960 na 1970, wafugaji waliopoteza mifugo kwa ukame wakahimizwa washike jembe. Mifereji mingine ikajaa mchanga, mingine inatiririka hadi leo, na unaweza kusimama mahali pamoja ukaona ukuta wa saruji uliopasuka upande mmoja na mtama unaokaribia kuvunwa upande mwingine. Mpiga picha mvivu atauchagua ukuta. Wewe tafuta mahali pa kusimama ambapo vyote viwili vinaingia kwenye fremu.

Kuna jambo linalowaponza hata wapiga picha wazoefu kutoka Nairobi. Ukikuta boma la Waturka­na limezungushiwa miiba, vibanda vya makuti ya mkoma vimesimama na hakuna mtu, usidhani watu wamehama kabisa. Familia imefuata malisho na itarudi mvua ikirudi, au imeacha mzee mmoja boma la jirani aangalie. Kibuyu kilichotundikwa kimetundikwa kwa makusudi. Usiingie, usikisogeze ili "kikae vizuri" kwenye picha, wala usiondoe tawi la uzio kujitengenezea njia. Piga ukiwa nje, na kwenye maelezo uandike boma la msimu, maana ndivyo lilivyo.

Ukifika sehemu yoyote, mtu wa kwanza kumwona ni chifu au naibu wake, hata kama jirani yako wa hotelini anakuambia hakuna haja. Beba nakala ya kitambulisho na karatasi moja inayoeleza wewe ni nani, picha ni za nini na zitatokea wapi. Chifu atakukabidhi kwa mzee wa kijiji, naye atakutafutia kijana wa kukutembeza. Malipo ya siku myapatane mapema, yatajwe kwa shilingi, si kwa "tutaonana". Kijana huyu hatakuwa mkalimani tu: ndiye ajuaye njia ipi haipitiki, nani amefiwa wiki hii na ni upande gani kuna wasiwasi wa wizi wa mifugo. Barabara ya kutoka Kitale kushuka Kainuk hadi Lokichar imewahi kuwa na misukosuko ya namna hiyo, kwa hiyo uliza hali yake asubuhi ya safari, usitegemee habari ya juzi. Kama nia yako ni kupiga picha za kina mama, tafuta mwanamke akuongoze. Gharama inaweza kuongezeka kidogo, lakini nyuso utakazozipata zitakuwa zimelegea.

Sheria nazo usizipuuze kwa kuwa uko mbali na mji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu sura ya mtu kuwa data yake. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na mgahawa mmoja wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Mtoto wa Kalokol analindwa na sheria hiyohiyo. Droni isipaae kabla hujapata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, na usisahau kwamba Lodwar, Kakuma na Lokichoggio kote kuna viwanja vya ndege. Kakuma ni kambi ya wakimbizi tangu 1992, hivyo kupiga picha ndani yake kunahitaji idhini ya Idara ya Huduma za Wakimbizi. Usijaribu kupenya kwa kujifanya mteja wa dukani. Halafu mifupa ya kale. Hii ndiyo nchi alikopatikana Mvulana wa Turkana mwaka 1984, mabaki ya binadamu wa kale yaliyoonwa kwanza na Kamoya Kimeu kule Nariokotome. Ukiona kitu kinachofanana na mfupa kimechomoza ardhini, kiache kilipo, mjulishe mtu wa Makumbusho ya Taifa, na usiweke mtandaoni picha inayoonyesha mahali penyewe.

Tuje kwenye mwanga, maana wengi hupoteza siku nzima hapo. Turkana iko karibu na ikweta na jua hupanda wima kama lifti. Linachomoza yapata saa kumi na mbili na nusu, na ule mwanga wa dhahabu unaolainisha kuta hudumu nusu saa, ukibahatika dakika arobaini. Kufika saa mbili vivuli vimeshaanza kuwa vikali, na saa tatu ama kamera iingie begini ama wewe uingie ndani ya jengo. Jioni kazi ya nje ni kuanzia saa kumi na moja. Kwa hiyo uwe umeshachagua mahali pa kusimama tangu jana yake. Alfajiri si wakati wa kutafuta pembe. Zunguka jengo jioni bila kamera, angalia ukuta upi unatazama mashariki, kisha mwombe mwenyeji ruhusa ya kufika mapema, mbwa wajulishwe.

Asubuhi pia ndio wakati wa upepo. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Marsabit, upepo wa eneo hili unazungusha mitambo 365 ya umeme. Upande wa Turkana unakujazia mchanga kwenye lenzi. Usibadilishe lenzi mahali pa wazi. Ingia garini, funga vioo, au fanya hivyo ndani ya begi. Vumbi lipeperushwe kwanza kwa kipulizo au brashi laini. Ukifuta na kitambaa moja kwa moja umeshakwaruza kioo. Simu ikizima kwa joto, iweke kivulini ipoe taratibu. Usiitie kwenye kasha la barafu pamoja na soda, maana ikitoka humo itafanya umande ndani ya lenzi.

Sura za watu wetu zinahitaji uangalifu ambao kamera haijui. Mzee akisimama mbele ya mchanga mweupe, kamera itapima mchanga, itaona mwanga mwingi, itapunguza, na uso wa mzee utageuka kivuli chenye meno. Ongeza mwanga kidogo, au kwenye simu gusa uso kwanza kisha upige. Lakini uso huohuo ukiujaza kwenye fremu nzima, kamera hufanya kinyume: itadhani pana giza, itaongeza, na ngozi itapauka hadi kijivu. Hapo punguza. Usitegemee kurekebisha baadaye kwenye kompyuta. Mng'ao wa ngozi ukishaungua haurudi. Na achana na mweko wa kamera. Mahali pazuri kuliko studio yoyote ni mlangoni: msimamishe mtu hatua moja ndani ya kizingiti akitazama nje, mwanga laini wa uwanjani utamwangaza, na nyuma yake chumba kitabaki cheusi.

Ndani ya jengo lenyewe, mchana ni rafiki. Mabati yaliyotoboka humwaga vijiduara vya jua sakafuni ambavyo huhama kadiri saa zinavyokwenda. Weka kamera kwenye tripodi, ISO iwe ya chini, pima mwanga wa ukuta badala ya dirisha, na kama dirisha linawaka mno ngoja wingu. Kabla ya yote hayo piga hatua mbili ndani, simama, sikiliza. Harufu kali ya popo maana yake ni mavi yao, na vumbi lake halifai kuvutwa puani, kwa hiyo vaa barakoa. Shuku mabati ya saruji ya kijivu yaliyovunjikavunjika, kwa sababu majengo ya zamani mara nyingi yaliezekwa kwa asbesto. Usiyakanyage wala kuyasogeza. Usitie mkono mahali usipopaona. Nge na nyoka hupenda chini ya mbao kama vile wewe unavyopenda kivuli. Vaa viatu vya kufunika, si kwa ajili ya nyoka tu. Mathenge, ule mti ulioletwa Kenya miaka ya 1970 kuzuia jangwa na sasa umemeza viwanja vizima, una mwiba unaopita kwenye akala iliyokatwa kwenye tairi la lori.

Kuhusu laga nitasema kwa ukali kidogo. Mchanga wa mto mkavu unapendeza, kingo zake zina miti, na jioni vivuli hulala vizuri. Kila mtu hutaka kuegesha gari katikati na kupiga picha. Usiegeshe. Mito ya Turkana hujaa kwa mvua usiyoiona, iliyonyesha milimani Pokot au upande wa Uganda, na maji yanaweza kukufikia huku juu yako mbingu ni samawati. Gari libaki ng'ambo uliyopanga kurudi, kijana wako asimame ukingoni, na ukiona wenyeji wanatoa punda mtoni, toka nawe bila kuuliza sababu.

Sasa watu. Salamu kwanza: "Ejoka," nawe ukijibiwa "Ejok noi" ujue mlango umefunguka. Keti. Mzee wa Kiturka­na atakalia ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha mbao anachokifanya pia mto wa kulalia, na kama utabaki umesimama na kamera kifuani utaonekana askari. Siku ya kwanza kamera ibaki begini. Najua mhariri anasubiri na hoteli inadai, lakini siku hiyo moja ndiyo inayolipia zinazofuata.

Swali la pesa litakuja, na afadhali lije mapema. Wapo wanaosema kulipa kunaharibu watu. Mimi siliafiki hilo. Mtu akiacha kazi yake asimame juani kwa ajili yako, amekuuzia saa yake, kama wewe unavyomuuzia mhariri picha. Zungumzeni na mwenye boma, si na mtu mmojammoja, ili usizue ugomvi. Sukari, majani ya chai na tumbaku kwa wazee hupokelewa vizuri, na vikapu vya mkoma unaweza kununua kwa bei yao bila kupigania shilingi hamsini. Watoto usiwape pesa wala peremende. Ukianza, utakuwa na kundi la mikono iliyonyooshwa katika kila picha, na mpiga picha atakayekufuata atalirithi.

Mama usimwambie avae shanga "za kitamaduni" wala avue kanga aliyojifunga. Shanga zinasema kama mtu ni binti, mke au mjane. Ukimpangia mavazi unaweza kumfanya aseme uongo juu ya maisha yake mwenyewe. Kama leo amevaa jezi ya mpira ya mtoto wake, hiyo ndiyo picha ya leo. Na wakati wa njaa, kama ule ukame wa misimu mitano mfululizo ulioanza mwishoni mwa 2020, jiulize kwa nini unampiga mtoto aliyekonda akiwa peke yake. Mama yake yuko wapi? Kisima kiko wapi? Mzoga wa ng'ombe hauhitaji mtu kando yake ili ueleweke.

Ukipata muda, fika Lokichoggio. Kuanzia 1989 mji huo ulikuwa kituo kikuu cha ndege za misaada ya kwenda kusini mwa Sudan. Kulikuwa na kambi za mashirika, maghala, nyumba za wageni, na hospitali ya Msalaba Mwekundu ya Lopiding iliyofunguliwa 1987. Mkataba wa amani wa Sudan ulipotiwa saini Januari 2005 mashirika yakaanza kuhamia Juba, na mwaka 2006 hospitali ikakabidhiwa serikali. Kilichobaki ni mji uliojengewa wageni na ukaachiwa wenyeji. Usiende kutafuta mabaki ya mahema tu. Tafuta waliokuwa wapishi, madereva na wapakiaji mizigo wa wakati ule. Waombe wasimame mahali walipokuwa wakifanya kazi, wakuelezee palikuwa na nini. Rekodi sauti. Picha ya uwanja wenye nyasi haina uzito mpaka mtu aonyeshe kwa kidole palipokuwa jiko.

Lokitaung ni kazi ya aina nyingine. Humo ndimo walimofungwa Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei na Karumba baada ya hukumu ya Kapenguria ya Aprili 1953, hadi Kenyatta alipohamishiwa Lodwar mwaka 1959. Kenyatta, kwa umri wake, alipewa kazi ya kuwapikia wenzake. Ukijua hilo utaacha kupiga milango ya selo tu na utaanza kuuliza walipikia wapi. Kumbuka kwamba wakoloni walichagua sehemu ambazo serikali imeendelea kuzitumia, kwa hiyo majengo mengi ya zamani yako karibu na polisi au ofisi za utawala. Omba ruhusa kwa maneno, uonyeshe kila picha ukitakiwa, na bendera, silaha na lango la kituo viwe nje ya fremu.

Jioni, kabla ya kulala, hamisha picha kwenye diski mbili na uandike maelezo wakati bado unakumbuka: nani, wapi, lini, jengo lilikuwa nini na sasa ni nini. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika. "Kiwanda cha samaki kilichotelekezwa" haitoshi. Andika nani anahifadhi nini humo na tangu lini, au usiandike kitu. "Kijiji kilichosahaulika" lifute kabisa. Aliyekisahau ni nani, wakati wenyewe wanaishi humo?

Picha za kuwarudishia uliowapiga zichapishwe Lodwar kabla hujapanda gari la Kitale, kwenye studio za mjini. Ukisema utazituma kutoka Nairobi hutazituma. Saizi ya postikadi inatosha, jina liandikwe nyuma, kisha kila moja ifunikwe kwa plastiki ya moto kama kitambulisho, maana karatasi tupu haimalizi msimu ndani ya kibanda chenye moshi. Mkabidhi kijana aliyekutembeza, umpe nauli ya bodaboda ya kuzipeleka, na umwombe akupigie simu kila mwenye picha akishapokea yake.